Pima Kitanda Chako Kabla ya Kupiga Mbizi

Kabla ya kuuliza bei ya mtungi wa hewa, pima kitanda chako. Upana uache, pima kimo chake kutoka usawa wa bahari. Mimi nalala Njoro, upande wa chini wa mji wa Moshi, na godoro langu liko karibu mita 800 juu ya bahari. Ndugu zangu wa Marangu na Machame wanalala juu zaidi, wengine kupita mita 1,400. Namba hiyo iandike nyuma ya daftari, maana ndiyo itakayokuambia ni pwani ipi utaimudu na ipi itakumaliza. Miongozo ya kupiga mbizi niliyowahi kuisoma imeandikwa kwa watu wanaolala ufukweni, au kwa wageni wenye wiki mbili za likizo. Sijaona hata mmoja uliomfikiria mtu anayetoka majini saa nane mchana na kutaka kulala kwake mlimani usiku uleule.

Ukishapima kitanda, chunga lugha nyumbani. Ukimwambia mama kwamba unaenda Tanga kuzamia, atalia. Kwa vijana wa bandarini kuzamia ni kujificha ndani ya meli ya mizigo hadi Afrika Kusini, na kwa watu wa mjini ni kuingia kwenye harusi bila kadi. Sema unaenda kupiga mbizi kwa mtungi. Hapo ataanza habari za majini, na itabidi umuulize kama anazungumzia ndani ya maji au viumbe wenyewe. Mjibu yote mawili kwa subira. Muachie jina la mji, jina la gesti, siku ya kwenda na siku ya kurudi. Mama anayejua ulipo ni sehemu ya usalama wako, na hatozi chochote.

Sasa hesabu. Nimebeba mizigo Kilimanjaro kwa miaka tisa, na sisi wagumu tunaijua hewa kama mvuvi anavyolijua wimbi. Ufukweni hewa inakugandamiza kwa kiasi tunachoweza kukiita moja. Ukifika Uhuru, mita 5,895, imebaki karibu nusu. Ili mwili uizoee tofauti hiyo ya nusu, mgeni anatembea siku tano, sita, hata nane, analala kambi baada ya kambi, na kila tukimpita tunamwambia pole pole. Ukishuka baharini, kila mita 10 za maji zinaongeza moja nzima. Kwa hiyo mita 5 tu za maji zinabeba ile nusu yote: tofauti ileile iliyopo kati ya ufukwe wa Tanga na bango la Uhuru. Mlima mzima, msitu wake, jangwa lake na barafu yake, umo ndani ya kina kisichofika paa la nyumba ya ghorofa moja. Mtu mpya akishikwa na hofu anaweza kuupanda wote kwa sekunde kumi.

Hesabu hiyo imebeba sheria mbili ambazo mwalimu yeyote atakufundisha siku ya kwanza. Usizuie pumzi kamwe, kwa sababu hewa uliyoivuta chini inatanuka unapopanda, na mapafu yaliyofungwa yanaweza kupasuka. Na panda taratibu, isizidi mita 9 kwa dakika, kisha simama kwenye mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka. Kisimamo hicho nakiita kambi. Ukiwa pale una Kilimanjaro kimoja juu ya kichwa chako, nawe unaupa mwili nafasi ya kuzoea kabla ya kukimaliza.

Kwa nini mwili uhitaji nafasi? Ndani ya mtungi kuna hewa ya kawaida iliyokandamizwa, hii hii tunayovuta Njoro, wala si oksijeni tupu kama wengi wanavyodhani. Sehemu kubwa ya hewa hiyo ni naitrojeni. Ukiwa chini, mgandamizo unaisukuma iingie kwenye damu na nyama, kama gesi inavyosukumwa ndani ya soda kiwandani. Soda iliyofungwa imetulia. Ifungue ghafla, inafura. Ifungue kidogo kidogo, inapumua tu. Mpiga mbizi akitoka majini bado ana gesi ya ziada mwilini, na inamchukua saa nyingi kuitoa. Saa hizo anatakiwa azipitishe chini. Akipanda juu, hata kwa basi, ni sawa na kuendelea kufungua chupa.

Hili nimelijua kwa mwili wangu. Mwaka niliojifunza nilimaliza mbizi mbili mchana, nikavua vifaa, mwalimu akaniuliza natoka wapi. Nikasema Moshi. Akanishika mkono kwa furaha, akasema “Kilimanjaro!”, tukaagana. Hakuna aliyeniambia nilale. Nilipanda gari la jioni. Tulipita Korogwe na Mombo vizuri, nikala mahindi ya kuchoma. Baada ya Same bega la kushoto likaanza kuuma ndani kabisa, penye kiungo, maumivu yasiyopungua hata ukiligeuza mkono upande gani. Tulipofika Mwanga kiwiko nacho kikaingia. Mama alinikanda kwa mafuta usiku kucha, haikusaidia. Asubuhi daktari mmoja hapa mjini, Mungu ambariki, aliniuliza swali ambalo sikulitegemea: “Kijana, umetoka baharini lini?” Akanivalisha barakoa ya oksijeni kwa saa kadhaa, akapiga simu kuuliza wenzake, na maumivu yakaondoka taratibu kama yalivyokuja. Wengine hawakubahatika hivyo. Gesi hiyohiyo ikikaa kwenye uti wa mgongo inapoozesha miguu.

Kwa hiyo sheria ya mtu wa Njoro ni hii. DAN, shirika la kimataifa la usalama wa wapiga mbizi, linashauri usubiri angalau saa 12 baada ya mbizi moja ya kawaida, na angalau saa 18 kama umepiga mbizi zaidi ya moja au siku kadhaa mfululizo, kabla ya kwenda kwenye kimo cha kati ya mita 600 hivi na 2,400. Watu husoma ushauri huo wakafikiria ndege. Wewe fikiria Same, Mwanga, Himo na kitanda chako, maana vyote vimo humo. Mimi sasa nasubiri saa 24, wala sijadiliani. Na kama una kazi mlimani wiki hiyo, panda mlima kwanza, baharini nenda baadaye. Wageni wengi wanaokuja kwetu huunganisha mlima na Zanzibar kwa mpangilio huohuo, na wako sahihi.

Ndiyo maana nasema bei ya kupiga mbizi kwa mtu wetu haiko kwenye mtungi peke yake. Iko kwenye usiku mmoja wa ziada wa gesti, sahani tatu nne za wali, na siku moja ya kazi iliyopotea. Pwani iliyo nafuu ni ile ambayo usiku huo wa ziada utaumudu bila kushawishika kuukwepa. Mahali penye mtungi wa bei ndogo na gesti ya bei ya kutisha ni ghali, tena ni hatari, kwa sababu mfuko utakusukuma kwenye basi la jioni.

Lakini bado hujaondoka Moshi. Jifunze kuogelea kwanza. Sisi wa mlimani tumekulia kwenye mifereji, ile mifongo ya babu zetu, ambayo maji yake yanafika magotini, na wengi tunadhani kuoga ni kuogelea. Kozi ya kwanza ya kupiga mbizi itakutaka uogelee mita 200 bila kushika kitu na uelee dakika 10. Haikutaki uwe na mbio. Lipa kiingilio cha bwawa hapa mjini, miezi miwili, mara mbili kwa wiki, mpaka maji yakuchoshe kabla ya wewe kuyaogopa. Hiyo ndiyo pesa yenye faida kuliko zote utakazotumia, kwa sababu anayefika pwani bila kujua kuogelea ataongezewa siku, na kila siku ina bei.

Ukishaelea, nenda Chemka. Panda gari la Boma Ng'ombe, kisha bodaboda mpaka kwenye zile chemchemi za Kikuletwa. Maji ni ya uvuguvugu, yanaonekana mpaka chini, mizizi ya miti imeingia ndani yake kama nguzo. Nunua miwani inayofunika na pua. Ile ya waogeleaji inayofunika macho tu haifai mbizi, kwa sababu mgandamizo unahitaji pua iwe ndani ili upulize kidogo kuusawazisha. Vaa, weka uso majini, pumua kwa mrija, tazama samaki wadogo. Ukiweza kukaa nusu saa bila kuinua kichwa, umeshavuka kizuizi ambacho wengi wanakilipia mamia ya maelfu kukivuka baharini.

Ziwa Chala liache. Najua ni zuri. Najua liko karibu, limekaa kwenye shimo la volkano pale mpakani, maji ya kijani na buluu yanayoingia kwa chini kutoka mlimani. Kuta zake ni mwinuko, kina chake kinakaribia mita 90, na mamba wamewahi kuua mtu humo, kijana wa kike aliyekuwa anaogelea usiku mwaka 2002. Kalitazame ukiwa juu, piga picha, kunywa chai yako.

Tukifika kwenye pwani zenyewe, nitaanza na ile ninayoipenda kwa moyo wote: Pangani na Tanga. Sababu ya kwanza ni barabara. Kutoka stendi ya Moshi hadi Tanga ni kilometa 350 hivi, basi moja, mchana mmoja. Reli ya Wajerumani ilitufunga na Tanga tangu 1911, kahawa ya mlima ikawa inashuka kwa njia hiyo hadi kwenye meli, kwa hiyo Tanga ni mlango wetu wa zamani. Gesti ni za bei ya kawaida, wali na samaki ni wa bei ya kawaida, na usiku wa ziada hauumizi.

Sababu ya pili ni maji, na hapa naomba nikawie kidogo. Kwa Kimaasai enchoro ni chemchemi, na jina la Njoro limetoka humo. Maji ya chemchemi za Njoro yetu yanashuka hadi kwenye mashamba ya mpunga ya Mabogini, yanaungana na maji ya Rau, yanapita Kahe, yanaingia bwawa la Nyumba ya Mungu. Kutoka hapo ni mto Pangani, unaozungusha mitambo ya umeme ya Nyumba ya Mungu, ya Hale na ya maporomoko ya Pangani, halafu unafika mjini Pangani na kumwagika baharini. Nje kidogo ya mlango huo liko fungu la Maziwe, hifadhi ya bahari tangu 1975. Zamani kilikuwa kisiwa chenye miti, na kasa walikuja kutaga kwa wingi. Miti ilikwisha, bahari ikala ardhi, leo ni mchanga mweupe unaojitokeza maji yakipwa na kuzama yakijaa. Matumbawe yaliyolizunguka bado yapo. Nilipoteremka pale mara ya kwanza nikiwa na akili zangu zote, mita 12, kangu wakitafuna matumbawe kwa sauti kama mtu anayekula karanga karibu na sikio lako, niliwaza kwamba maji haya yamenitangulia. Yametoka nyuma ya nyumba yetu. Na kila chupa ya plastiki tunayoitupa mtaroni Njoro wakati wa mvua ina nauli ya bure mpaka huku. Toka siku ile siwezi kuona mtoto akitupa chupa mtaroni nikanyamaza.

Kwa mtu mpya Maziwe kuna faida moja kubwa: kina cha kutosha kipo bila kwenda mbali. Cheti cha kwanza kinakuruhusu mita 18 basi, na uzuri mwingi wa matumbawe uko juu ya hapo, kwenye mwanga. Tanga wana pia Hifadhi ya Bahari ya Silikanti, iliyoanzishwa 2009 kwa heshima ya samaki ambaye wataalamu walidhani alikwisha pamoja na madinosaria hadi alipovuliwa Afrika Kusini mwaka 1938. Wavuvi wa Kigombe walianza kumnasa kwenye nyavu zao za kina kirefu miaka ya 2000. Wewe hutamwona. Anaishi kwenye giza, chini mno kwa cheti chako na hata kwa cheti cha mwalimu wako. Nenda tu ukijua kwamba yuko chini yako. Kwangu hilo lilitosha.

Usitegemee kwamba kila fungu la Tanga ni zima. Pwani ile ilipigwa baruti miaka mingi, na utakuta sehemu ambazo matumbawe yamelala kama vigae vilivyovunjika. Muulize nahodha akupeleke penye uhai, naye atajua kwamba umekuja kwa nia.

Mlango wetu wa pili ni Holili. Kutoka Moshi ukivuka pale, Taveta, Voi, hadi Mombasa ni kama kilometa 300, na barabara ni ya lami. Beba pasipoti au hati ya muda. Wakenya wametutangulia katika kazi hii: hifadhi za bahari za Malindi na Watamu ni za 1968, na hadi leo raia wa Afrika Mashariki hutozwa kiingilio tofauti na mgeni wa mbali, kwa hiyo toa kitambulisho kabla hujatoa pesa. Shimoni na kisiwa cha Wasini, kwenye hifadhi ya Kisite-Mpunguti, panafaa sana mtu mpya: maji ya kina kidogo, kasa, pomboo njiani. Mombasa kuna meli iitwayo Dania, iliyozamishwa makusudi mwaka 2002 iwe nyumba ya samaki. Watu watakushawishi. Sakafu yake iko karibu mita 30, nawe una ruhusa ya 18. Mwambie anayekushawishi kwamba utarudi mwakani.

Zanzibar kila mtu anaijua, na ndiyo shida yake. Ukienda Nungwi mwezi wa nane utalipia chumba bei ya watu waliotoka Ulaya. Mnemba ni nzuri mno, ila safari ya boti na ada yake inafanya siku iwe ndefu na mfuko uwe mfupi. Kwa mtu wetu nashauri abaki Mji Mkongwe. Mafungu ya mbele ya mji yako karibu, boti haichomi mafuta mengi, na vyumba vya bei ya chini vipo ukitembea mitaa miwili ndani. Kwenye fungu la Pange imelala Great Northern, meli ya Waingereza iliyolaza nyaya za telegrafu chini ya bahari na kuzama hapo 1902. Iko kama mita 12 tu, ndani kabisa ya ruhusa yako. Nilipoigusa kwa macho, maana kwa mkono hairuhusiwi, niliwaza barua zote zilizokimbia ndani ya nyaya zile. Ila kumbuka ndege ya kurudi KIA: kabla ya kuipanda, saa zako 18 ziwe zimetimia na kuzidi.

Pemba isubiri. Mikondo yake ina nguvu, kuta zake zinashuka kwenye kina ambacho mtu mpya hana cha kukifanyia, na wenyeji wenyewe watakuambia hivyo. Dar es Salaam inasaidia kama unaenda huko kwa shughuli nyingine: Mbudya na Bongoyo nazo ni hifadhi tangu 1975, boti zinatoka Kunduchi na Msasani, na unaweza kulala kwa ndugu, jambo linalofuta kabisa bei ya usiku wa ziada. Mafia ni mbali, lakini kama umepata nafasi kati ya Oktoba na Machi, vuka kutoka Nyamisati hadi Kilindoni ukaone papa potwe. Samaki huyo mkubwa kuliko wote duniani anakula juu juu ya maji, na kumwona unahitaji miwani na mrija peke yake. Hakuna mtungi, hakuna gesi mwilini, hakuna kusubiri. Ukitoka majini unaweza kupanda basi siku hiyohiyo.

Wapo watakaokuambia habari za maziwa. Nkhata Bay, upande wa Malawi wa Ziwa Nyasa, panasifika kwa wasafiri wa mfuko mdogo kwa sababu ya kozi zake, ila nauli ya kutoka kwetu inakula nafuu yote, na kichocho kipo. Ziwa Tanganyika linanivutia kwa jambo moja: uso wake uko mita 773, karibu sawa na kitanda changu. Ukipiga mbizi Kigoma, mwalimu anatakiwa kutumia hesabu za mwinuko, na akianza kukueleza hesabu hizo bila kuulizwa, mwamini.

Bei ukaiulize hivi. Kozi ya cheti cha kwanza popote pwani yetu inahesabiwa kwa mamia ya dola, na hakuna ujanja wa kuifanya iwe bei ya kanga. Tangu kanuni za 2025 bei za ndani ya nchi zinatakiwa kutajwa kwa shilingi, kwa hiyo omba shilingi, omba bei ya mkazi, halafu uliza kilichomo: boti, vifaa, kitabu, ada ya hifadhi, kadi yenyewe. Bei ndogo isiyo na kadi ndani yake ni bei kubwa. Soma nadharia ukiwa nyumbani Njoro ili pwani uende kwa mazoezi tu. Na kabla ya kozi nzima, lipia mbizi moja ya majaribio pamoja na mwalimu, isiyozidi mita 12. Itakuambia kama masikio yako yanakubali. Sisi tunayajua masikio yanayoziba gari likishuka kutoka Marangu; majini yanaziba kwenye mita ya pili, na ukiwa na mafua usishuke kabisa.

Kisha uliza maswali matatu ya mwisho, na umtazame mtu usoni. Mtakuwa wanafunzi wangapi kwa mwalimu mmoja? Oksijeni ya dharura iko ndani ya boti, au iko ofisini? Na chumba cha mgandamizo cha kutibu wagonjwa kiko wapi kutoka hapa? Anayejibu bila kukasirika, mpe pesa yako. Anayecheka, chukua begi.

Kuhusu siku ya kwenda, tazama mwezi ukiwa Njoro. Ni uleule wa Pangani. Mwezi mpevu na mwezi mwandamo huleta bamvua, maji yanapanda na kushuka zaidi ya mita 3, mkondo unakuwa mkali na vumbi la bahari linaamka. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, bahari imelegea, na ndizo siku zako. Epuka masika, kwa sababu mto unashusha udongo wetu na Maziwe panakuwa kama chai ya maziwa. Epuka pia kilele cha kusi, Juni na Julai, boti itakutapisha kabla hujavaa. Maleleji ya Oktoba na Novemba, kisha kaskazi inapolegea Februari na Machi, bahari inang'aa.

Mwaka jana mwezi wa pili mpwa wangu alikwenda. Ana miaka ishirini, naye amebeba mizigo Machame misimu miwili. Nilimpimia kitanda, nikamwandikia daftari. Jumamosi mchana akanipigia simu kutoka Pangani, sauti imejaa chumvi.

“Mjomba, nimemaliza mbizi zote nne. Nimeona kasa, amepita hivi, kama mzee anayekwenda sokoni. Kuna gari la saa kumi, nije?”

“Usije.”

“Kesho asubuhi?”

“Kesho ni siku ya kukaa. Utakula, utatembea ufukweni, utalala. Utakuja Jumatatu.”

“Mjomba, nitakaa siku nzima bila kufanya chochote?”

“Damu yako itakuwa inafanya kazi. Nenda kakae pale mto unapoingia baharini. Maji yale ni ya kwetu, yasalimie.”

Nilimtumia pesa ya gesti ya usiku wa pili kwa simu, na nyingine kidogo ya chakula. Jumatatu nilikuwa sokoni Mbuyuni nanunua vitunguu pale ujumbe wake ulipoingia. Aliandika: “Niko Same. Nimezungusha mabega yote mawili. Salama.” Baada ya saa moja ukaingia mwingine kutoka Mwanga, maneno yaleyale. Kutoka Himo akatuma picha ya mlima, mawingu yamefunguka, na chini yake ameandika tu: mita tano.